Risala ya wahitimu wa kidato cha nne kwa mgeni rasmi, Mkuu wa Wilaya

Mheshimiwa mgeni rasmi mkuu wetu wa wilaya, mwenyekiti wa bodi, mkuu wa shule, mheshimiwa diwani, walimu, wazazi na walezi, na wadogo zetu tunaowaacha hapa, shikamooni na karibuni sana kwenye mahafali yetu.

Mgeni rasmi, tunajua risala za wahitimu huanza na idadi ya matundu ya vyoo, za kwetu zipo usijali, ila aliyepewa kazi ya kuandika mwaka huu ni klabu ya uraia kwahiyo utuvumilie kidogo tuongelee serikali yenyewe.

Wengi wetu hapa tumezaliwa mkoa wa Mbeya na tunamalizia shule mkoa wa Songwe na hakuna aliyehama nyumba. Mkoa ndio uliotufuata, mwaka 2016, na sasa mzazi mwenye shida ya ngazi ya mkoa anaishia Vwawa badala ya kulala Mbeya, hilo tunalishukuru kweli. Tanzania sasa ina mikoa 31, bara 26 na Zanzibar 5.

Ila kuna ishu moja inachanganya watu wazima kabisa. Mkoa wetu una wilaya 4, yani Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, lakini halmashauri ni 5, kwasababu Tunduma ni halmashauri ya mji inayojitegemea ila iko ndani ya wilaya ya Momba. Sasa mtu wa Tunduma anauliza DC wetu, yani mkuu wa wilaya, ni nani, anaambiwa ni wa Momba, anaona kama anazungushwa tu. Na wewe mgeni rasmi umeteuliwa na Rais, mkurugenzi wa halmashauri naye kateuliwa, diwani tumempigia kura (yani wazazi wamepiga, sisi bado), halafu mwananchi ana barua moja ya kivuko kilichobomoka na hajui aipeleke kwa nani kati yenu. Tulidhani ni kwa diwani, kumbe tangu 2017 barabara za wilaya ziko TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, na maji vijijini tangu 2019 yako RUWASA, wakala wa maji vijijini, kwahiyo diwani kwenye mkutano anatukanwa kwa bomba ambalo funguo zake hana. Tunaona hii sio haki kwake, na sio haki kwa wananchi pia, maana hao wa wakala hawasimami kuomba kura.

Tumejifunza kuwa mwaka 1972 halmashauri zilifutwa na zikarudishwa kwa sheria za 1982, na kwamba mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, hata asiye na shamba. Mwalimu akatutuma tukanakili taarifa ya mapato na matumizi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kimoja. Karatasi tuliikuta, imepauka kwa jua, juu yake wamebandika tangazo la mbuzi aliyepotea, ukilifunua unasoma "Mapato: ushuru", tarakimu hazionekani. Mbuzi alielezwa vizuri mpaka rangi ya sikio.

Kwahiyo maombi yetu, mgeni rasmi. Kwanza utusaidie taarifa za vijiji zibandikwe upya kila robo mwaka na zisomwe mkutanoni, sio mpaka aulize mtu halafu aonekane mkorofi. Pili wadogo zetu wa klabu waruhusiwe kukaa nyuma kwenye kikao cha baraza la madiwani angalau mara moja kwa mwaka, watakaa kimya. Tatu kibandikwe kibao kila kata kinachosema barabara nenda ofisi ipi, maji ipi, ardhi ipi, na namba ya simu inayopokelewa. Nne ndio vile vyoo: upande wa wasichana matundu hayatoshi na foleni ya asubuhi inakula kipindi cha kwanza, idadi kamili mkuu wa shule anayo.

Tunaomba kuwasilisha.