Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Wazee wetu, mama na baba, kaka na dada zetu wakubwa, na ninyi vijana mliojiunga mwaka huu na chama chetu cha waigizaji hapa Lubumbashi, nawasalimu.

Nianze na fedha ili tuzimalize mapema. Michango ya kila mwezi iliingia vizuri hadi mwezi wa saba, kisha ikalegea, kama inavyolegea kila mwaka shule zinapokaribia kufunguliwa. Hatuna deni. Mweka hazina atawasomea hesabu zote. Nimezipitia naye jioni mbili na nimeridhika.

Onyesho letu la kwanza lilipangwa kufanyika mwishoni mwa mwezi wa kwanza. Wiki hiyohiyo Goma, mji wa mashariki mwa nchi yetu ya Kongo, ikatekwa, na baadhi yetu walikuwa na ndugu kule wasiopatikana kwa simu. Tuliahirisha. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kupanda jukwaani kuchekesha watu. Baadaye tulicheza kwenye mitaa ya mji wetu: Katuba mara mbili, Kenya mara moja na Kamalondo mara moja. Wengi wenu mnakumbuka ile jioni ya pili ya Katuba: umeme ulikatika igizo likiwa katikati, na papo hapo mvua ikaanza kupiga mabati hata sauti isifike mstari wa pili. Mama aliyekuwa akicheza mjane alishuka jukwaani, akaingia katikati ya watu, akaendelea na maneno yake akimshika huyu bega na yule mkono, na watu wakamulika uso wake kwa tochi za simu. Watoto waliacha kelele. Nimekaa katika kazi hii muda mrefu, na sijaona mjane akichezwa kweli namna ile.

Sasa nifike kwenye jambo lililotuchukua Jumamosi nyingi zaidi, yaani masomo yetu juu ya maisha ya kazi ya mwigizaji John Kani wa Afrika Kusini. Yalianza kwa swali la mzee wetu mmoja, aliyeangalia filamu nyumbani na wajukuu akauliza: huyu mzee anayecheza mfalme T'Chaka ametoka wapi? Vijana walimjua kwa filamu hiyo tu, Captain America: Civil War ya mwaka 2016, ambamo mfalme huyo anauawa hata kabla hujamzoea. Tukaamua kumfuatilia nyuma hadi mwanzo.

Kani alizaliwa mwaka 1943 New Brighton, mtaa wa Waafrika huko Port Elizabeth, na alifanya kazi katika kiwanda cha magari cha Ford. Mwaka 1965 alijiunga na kundi la maigizo la Serpent Players, ambako alifanya kazi na Athol Fugard, mwandishi Mzungu wa maigizo, na mwigizaji mwenzake Winston Ntshona. Mwaka 1972 watatu hao walitunga pamoja igizo la Sizwe Bansi Is Dead. Hawakuanza na maandishi. Walianza na picha ya mtu aliyepigwa studio, mwenye sigara mkono mmoja na kiko mkono mwingine, anatabasamu. Wakajiuliza: huyu anacheka nini? Igizo lote likatoka humo, kwa kujaribu, kusema na kurudia.

Hapo wazee wetu walitikisa vichwa, maana njia hiyo wanaijua. Mufwankolo na kundi lake, walioigiza kwa Kiswahili cha Lubumbashi redioni na kwenye televisheni, walifanya vivyo hivyo. Mwaka 1986 mtafiti Johannes Fabian aliwafuata hatua kwa hatua walipokuwa wakijenga igizo zima juu ya methali moja, ile isemayo kwamba mamlaka huliwa mazima. Walijadiliana, wakagawana sehemu, wakajaribu, hakuna aliyeshika karatasi ya kukariri. Wao methali, wenzao picha. Nawaomba vijana mlitafakari hili kabla ya kusema tena kwamba hatuwezi kufanya kitu kwa sababu hatuna mwandishi.

Tulijaribu kucheza kwa Kiswahili chetu sehemu ya mwanzo ya Sizwe Bansi, ambapo Styles, mpiga picha aliyewahi kuwa mfanyakazi wa Ford, anakumbuka siku bosi mkubwa wa Ford alipotembelea kiwanda: sakafu zinasuguliwa, wafanyakazi wanapewa nguo mpya za kazi, wanaambiwa watabasamu na waimbe. Baba wawili waliostaafu kazi ya shaba, ambao huja kutusikiliza tu, walicheka hadi mmoja akatoa leso kufuta macho. Alisema hajui Port Elizabeth iko upande gani, lakini siku hiyo anaikumbuka.

Lakini lililonikaa moyoni ni jambo jingine. Igizo hilo linahusu kipande, kile kitabu cha utambulisho ambacho Mwafrika alilazimika kutembea nacho wakati wa apartheidi, yaani utawala wa ubaguzi wa rangi, na ambacho kilisema aishi wapi na afanye kazi gani. Kani na Ntshona walikuwa wakilicheza igizo hilo wakati vipande vyao wenyewe haviwezi kusema wao ni nani. Kwa Mwafrika, uigizaji haukuhesabiwa kuwa kazi. Ili wasikamatwe kama watu wasio na ajira, waliandikishwa kama watumishi wa nyumbani wa Fugard. Igizo lilifika London mwaka 1973 na New York mwaka 1974, na mwaka 1975 wawili hao wakashinda pamoja tuzo ya Tony, ambayo kule ni heshima ya juu kabisa ya jukwaa. Karatasi ya kwao iliendelea kuwaita watumishi. Aliporudi nyumbani mwaka huohuo, Kani alipigwa na polisi, akapoteza jicho la kushoto. Mwaka 1976 yeye na Ntshona walitiwa kizuizini Transkei, eneo la Afrika Kusini, kwa sababu ya igizo hilohilo.

Mwezi wa tisa nilimsindikiza mama mmoja wa chama chetu kuandikisha mtoto wake shuleni. Katibu, kijana mwenye adabu, aliuliza: «Mama, kazi yako?» Akajibu: «Mimi ni mwigizaji.» Kijana akatabasamu. «Ndiyo, mama. Lakini kazi?» Akarudia. Kalamu ikakaa juu ya karatasi kidogo, kisha ikaandika: mama wa nyumbani. Alilipa, akakunja risiti mara nne, tukatoka. Hakusema neno hadi tulipofika kwenye lami. Ni mama yuleyule wa Katuba.

Kwetu hakuna sheria inayomkataza mtu kuwa mwigizaji. Ni mazoea tu, na mazoea hayo ndiyo yaliyomfanya mtengenezaji mmoja wa tamthilia, mwezi wa tano, amchukue kijana wetu siku tatu mbele ya kamera, kisha badala ya kashe, yaani malipo ya mwigizaji, ampe chakula na nauli. Alimwambia ashukuru kuonekana. Nilikwenda kuzungumza naye mara mbili bila mafanikio. Kuanzia sasa hakuna mwanachama atakayesimama mbele ya kamera bila mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, wenye siku, saa na kiasi. Kamati imeuandaa, nakala ziko kwa katibu.

Nirudi kwa Kani kidogo, maana vijana waliniuliza kama skrini ndiyo cheo na jukwaa ni ngazi tu ya kupandia. Mwaka 1987 alicheza Othello, mwanamume mweusi mwenye mke Mzungu katika igizo la Shakespeare, kwenye Market Theatre, Johannesburg, wakati wa apartheidi. Mwaka 2002 aliandika igizo lake la Nothing but the Truth na kulicheza mwenyewe, na mwaka 2008 akaligeuza filamu aliyoiongoza. Na alipoitwa kucheza T'Chaka, akiwa na zaidi ya miaka 70, ni yeye aliyependekeza mfalme aseme na mwanawe kwa Kixhosa. Chadwick Boseman, aliyecheza mwana huyo, akajifunza maneno hayo, na Kixhosa kikawa lugha ya Wakanda, nchi ya kubuni ya mfalme huyo. Alikwenda kwenye studio kubwa za Marekani na lugha ya mama yake mdomoni, wakaifuata. Ninyi mnaoanza kujilazimisha Kifaransa kila mnapoona kamera, nawasihi mlikumbuke hilo.

Mwaka ujao tutaendelea na mazoezi kila Jumamosi kwenye parseli ileile, yaani kiwanja chetu cha siku zote, saa nane. Kamati imekubali pia kutoa kadi mpya. Kila mwanachama alete picha mbili ndogo kwenye mkutano wa mwezi wa pili. Chini ya jina patakuwa na mstari mmoja uliokwisha kuchapwa tayari, usiojazwa kwa kalamu ya mtu yeyote: Kazi, mwigizaji. Wa kwanza kupigwa picha atakuwa mama wa Katuba, nami nimekwisha kumwambia aje na kitenge anachokipenda.

Mwenyekiti,
Lubumbashi