Ichimbwe mifereji kabla ya kupigwa nguzo za sola

Bwana Mhariri,

Kwenye mkutano kwa chefu wetu, barabara ya Kasenga, ingenieri wa mradi wa sola unaokuja kwetu, alipoulizwa kama ardhi itatazamwa kwanza kwa ajili ya vitu vya kale, alituambia: "Sisi hatuchimbi mgodi, tunapiga nguzo tu." Watu wakapiga makofi, maana umeme tunautaka, mashine ya kusaga inatumaliza kwa mazuti. Mimi nilifanya sondaje, kutoboa ardhi kuona kilichomo, migodini hadi pensheni, na jibu lile halikuniingia.

Nguzo si neno. Kuna barabara ya malori, kuna mifereji ya nyaya, na kuna buldozeri ya kusawazisha vichuguu. Vichuguu vya Katanga mnavijua, vingine vinapita nyumba kwa urefu. Wafua shaba wa zamani walijenga tanuru kwa udongo huohuo. Kwenye mihogo yetu jembe linagonga mavi ya shaba (takataka za kuyeyusha), meusi na mazito, na vipande vya mabomba ya udongo ya mvukuto. Hayako mbali: mkono mmoja chini, au pungufu.

Wanaosema porini hamna kitu wakumbuke Sanga, kando ya ziwa Kisale. Jacques Nenquin alichimba pale mwaka 1957, akakuta makaburi ya kale, maiti wamezikwa na vyungu vyao na vitu vya shaba, hata ile misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama pesa.

Uingereza, tangu 1990, gharama za kutafuta vitu vya kale kabla ya kujenga ni za mwenye mradi. Kwanza hupitishwa kipimo cha sumaku juu ya ardhi, na udongo ulioungua hujitaja wenyewe (tanuru haiwezi kujificha hapo). Kisha huchimbwa mifereji ya majaribio, ya kutazama kilichomo chini, mara nyingi ya mita 30 kwa 2, asilimia chache tu ya eneo. Wakikuta kitu, plaki za sola husogezwa, au huwekwa juu ya vitalu vya beto (zege) bila kutoboa ardhi.

Nasi tuna sheria ya 15 Machi 1971 ya kulinda mali za utamaduni. Basi mifereji hiyo ya majaribio ichimbwe sasa, wakati kusogeza safu ya plaki bado ni kazi ya penseli kwenye ramani. Vijana wa kijiji wachimbe, walipwe kwa siku, na vitakavyotoka viende makumbusho ya Lubumbashi, si kwa wauza misalaba. Mvua zikianza, mfereji utakuwa kidimbwi, hakuna atakayesoma rangi ya udongo humo.

Mashine zinafika Septemba, tumeambiwa. Mtu wa makumbusho ameitwa na nani?

Mzee wa sondaje,
Barabara ya Kasenga, Lubumbashi