Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: zabibu ni moja, udongo sio mmoja

Mbukwenyi ndugu wanachama wa chama chetu cha wakulima wa zabibu hapa Dodoma! Wazee wangu, mama zangu, na nyie vijana mliokaa kule karibu na mlango kama mnasubiri basi, karibuni. Katibu kaniomba hii taarifa niiandike yote niiweke kwenye grupu kwa ajili ya wale ambao hawajafika, kwahiyo nimeandika kama ninavyoongea, msianze kunisahihisha herufi.

Mambo ya hela nayapita haraka maana mhazini atayasoma na risiti anazo mkononi. Wanaodaiwa ada wanajijua, sitaji mtu. Pampu ya kupulizia imetengenezwa. Ile dawa ya ubwiri, yaani ugonjwa wa ukungu wa mizabibu, tuliyonunua kwa pamoja iliisha wakati mvua bado inanyesha, hilo ni kosa la uongozi na kiongozi ndo mimi, basi.

Sasa nije kwenye lile lililotusumbua mwaka mzima, ugomvi wa mavuno ya masika. Mnakumbuka wote ila naurudia kwa ajili ya wageni. Tulikodi lori moja ili tupunguze gharama, likapita Mpunguzi, likapita Matumbulu, likaenda mpaka Hombolo, kreti zote humo humo, tukafika kwa mnunuzi, jamaa wakachota sampuli hapa na pale wakapima sukari, ikasoma chini, na bei ikashuka kwa mzigo wote. Kabla lori halijarudi matusi yalishaanza kwenye grupu. Wa juu, yaani wa kilimani Mpunguzi na Matumbulu, wakasema wa kule chini Hombolo wanafungulia maji siku mbili kabla ya kuvuna ili kilo ziongezeke, wa chini wakajibu nyie wa juu mnajisikia tu. Mzee wetu mmoja wa Hombolo akajitoa kwenye grupu na mpaka leo hajarudi. Mzee, kama mwanao anakusomea hii, rudi, nafasi yako ipo.

Na mi nakiri hapa mbele yenu, hata mimi niliamini kuna watu wanachezea maji. Ndo maana kiangazi kilipoingia nikaomba tutembeleane, shamba kwa shamba, na bwana shamba wetu, kipima sukari kimoja, sururu na majembe, tuchimbe mashimo tuone chini kuna nini. Waliokuja wanajua tulivyochoka. Ila nilichokiona kimenibadilisha kabisa na ndo kinabeba taarifa nzima ya mwaka huu.

Tuanzie juu. Kwa mtu wa mbali Dodoma ni kitu kimoja, nusu jangwa, mibuyu na vumbi. Na kweli kuna vitu tunashea: wote tupo kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, mvua ni ya msimu mmoja, Disemba mpaka Aprili hivi, kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600, maana mawingu yakitoka baharini yanaanza kukamuliwa na milima ya Ukaguru na Rubeho, sisi tuliopo nyuma ya milima tunapata makombo. Mzabibu huku haulali kama Ulaya ambako baridi kali inaupukutisha majani, huku unaamshwa na mkasi tu, ukipogoa unaanza safari upya, na ndo maana tunavuna mara mbili, masika na kiangazi. Brazili kule bonde la mto São Francisco nao wapo hivyo hivyo, nyuzi 9 kusini, wanapogoa wanapotaka. Sasa faida ya sisi ni mwinuko. Wao wapo mita mia tatu na kitu tu juu ya bahari, sisi mjini tupo zaidi ya mita 1,100, na kila ukipanda mita 100 joto linapungua zaidi ya nusu digrii. Hiyo ndo inayotupa zile usiku za Juni na Julai za kuvaa koti. Zabibu ikipata usiku wa baridi inatunza ule ukali wake, yaani uchachu, ikipata joto usiku na mchana ukali unaungua inabaki sukari tupu, na mchuzi wake, yaani juisi ya kutengenezea mvinyo, unakua kama soda iliyoisha gesi.

Kwahiyo shuka mwenyewe utoke mjini uende Bahi. Unateremka ule ukingo wa bonde la ufa unafika chini kwenye mita 830 hivi, yaani umeshuka karibu mita 300, joto limepanda kama digrii 2. Digrii 2 unaweza kuona ni utani, ila kwa mzabibu ina maana matunda yanakimbilia kuiva mapema na ukali unapotea. Na chini pale udongo ni mfinyanzi wa mbuga, chumvi chumvi, mpunga unapendeza sana. Kuna wanachama wawili walitaka chama kiwasaidie kupanda ekari kadhaa kule, tulienda, tukaangalia, tukawaambia limeni mpunga jamani, mtatuuzia mchele.

Upande wa Bihawana, Mpunguzi na Matumbulu hadithi ni nyingine kabisa. Bihawana ndo kwenye misheni, zabibu za mkoa huu zinaanzia kwa wamisionari pale, na nikiangalia lile eneo naamini hawa mapadre walitumia macho. Vilima vya mawe ya graniti, mawe yameoza miaka na miaka yakawa kichanga chekundu chekundu, ukichimba jembe linaingia kama kwenye unga, maji yakinyesha asubuhi mchana unatembea na ndala. Udongo maskini huo, hauna mbolea ya kutosha, bila samadi mche unadumaa. Lakini umaskini huo huo ndo unaofanya mzabibu usijaze majani, punje zinakua ndogo, ganda nene, rangi imekolea, na hewa inapita katikati ya mistari kwahiyo ubwiri haukai. Tuliweka tone kwenye kipima sukari, ya mwenzetu wa Mpunguzi ikawa juu kuliko zote tulizopima siku ile. Akaanza kutamba. Nikamwambia subiri, hujafanya kitu wewe, umezaliwa kilimani tu.

Maana ukishuka huo huo mteremko, mita mia tatu nne tu za kutembea kwa mguu, udongo umebadilika. Juu mwekundu, katikati wa kijivu kijivu na chini yake kuna tabaka gumu la changarawe ya kutu ambalo sururu inadunda, bondeni kabisa mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi mpaka mguu wa mbuzi unazama. Bwana shamba akatuambia kwamba huu mpangilio wa udongo kutoka kilimani mpaka bondeni una jina duniani kote, katena, na aliyeupa jina ni mtaalamu anaitwa Geoffrey Milne aliyekua anafanya kazi Amani kule Tanga miaka ya 1930, kaupata kwa kuzunguka nchi zetu hizi hizi. Yaani dunia nzima inasoma udongo wetu, sisi wenyewe tunagombana kwenye grupu.

Na kuna kitu kimoja hapo kilinishangaza. Mi nilidhani bondeni ni joto siku zote. Kumbe usiku wa kiangazi hewa ya baridi ni nzito, inateremka kama maji inajaa bondeni, kwahiyo alfajiri ya Julai shamba la bondeni lina baridi na umande kuliko la kilimani. Umande ukikaa kwenye majani mpaka saa tatu, ubwiri vinyoya unashukuru. Mwenzetu mmoja wa bondeni tulikua tunamsema kila mwaka mvivu wa kupulizia dawa. Hakua mvivu, alikua analima kwenye beseni la umande.

Hapa niseme la kwangu. Shamba langu la chini, lile la karibu na korongo, mwaka juzi nilipogoa tarehe ile ile na jamaa zangu wa Chinangali kwa sababu niliona shamba lao limependeza. Chinangali kule Chamwino ni pa wazi, upepo unapita, na wanamwagilia kwa matone, wao ndo wanaamua mmea unywe lini. Mi nina mfinyanzi unaoshika maji wiki mbili. Maua yalitoka mvua ikiwa imekolea, nusu ya vichala vikaoza kabla havijawa zabibu. Mke wangu aliniuliza kwani ulipogoa shamba lako au la Chinangali? Sikua na jibu na mpaka leo sina.

Makutupora sitakaa sana maana kituo cha utafiti kipo pale na wengi mmeenda mafunzo. Ile mbegu yetu nyekundu inaitwa Makutupora Red kwa sababu ya pale pale. Ila niseme moja kuhusu maji, maana kuna watu wanachimba visima kama wanachimba viazi. Maji ya chini ya ardhi ya Makutupora ndo yanayonywesha mji wa Dodoma, na vipimo vya zaidi ya miaka 50 vinaonyesha kwamba hayajazwi sana na mvua ya kila mwaka, yanajazwa zaidi na ile mvua kubwa inayokuja mara moja moja, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Miaka mingine mingi mnachota tu, kinachoingia ni kidogo. Kwahiyo anayemwagilia kwa kufurika mfereji kule akumbuke kwamba anatumia mvua ambayo ilinyesha zamani.

Hombolo sasa. Hapa naomba radhi kwa niaba ya chama. Bwawa la Hombolo maji yake yana chumvi, hili sio siri, na jua la Dodoma linakausha maji mara tatu na zaidi ya yale mvua inayoleta, kwahiyo kila unapomwagilia maji yanaruka juu, chumvi inabaki kwenye mizizi. Tulikuta majani yameungua kingo kama yamepitishiwa kiberiti. Mzabibu wenye chumvi miguuni una kiu hata ukiwa umesimama kwenye maji, hauwezi kuyanyonya vizuri, majani hayafanyi kazi, sukari haipandi. Wenzetu wakiona vile wanaongeza maji, kidogo kidogo kila siku, na hapo ndo wanaongeza chumvi juu juu. Hakuna mtu aliyefungulia maji ili aibe kilo! Walikua wanajaribu kuokoa miche. Bwana shamba kasema bora kumwagilia mara chache lakini maji mengi yasukume chumvi chini, mifereji ya kutoa maji ifunguliwe kabla ya mvua, na samadi iongezwe. Wa kichanga kule Mpunguzi ni kinyume chake, kidogo na mara kwa mara, maana kichanga hakitunzi. Mkiigana mnaumizana.

Kuna aliyeniuliza mbona Ulaya hawana haya mambo. Wanayo, tena wamejenga biashara juu yake. Bordeaux kule Ufaransa ni mkoa mmoja, ila upande mmoja wa mto ni kokoto wanapanda zaidi zabibu aina ya Cabernet, upande mwingine mfinyanzi wanapanda zaidi aina ya Merlot, na hakuna anayemtukana mwenzake, kila mmoja anauza jina la upande wake. Argentina kule Mendoza wamepanda mlima, bonde la Uco mashamba yanafika mpaka mita 1,500 na zaidi kwa sababu wanatafuta ule usiku wa baridi ambao sisi tumepewa bure.

Na kuhusu lile ombi la tawi jipya Kongwa, kamati haijakataa, imesema tuchimbe mashimo kwanza. Mnajua Waingereza walichofanya Kongwa 1947 na karanga zao, walileta matrekta wakang'oa pori, hawakujua mvua yake wala udongo wake, mfinyanzi ukakauka ukawa kama saruji karanga zikashindikana kuchimbuliwa, 1951 wakafunga wakaondoka. Sisi hela ya kupoteza vile hatuna.

Basi maazimio ya kamati, mtayapigia kura. Msimu ujao hakuna tena kuchanganya mizigo, kreti za kilimani peke yake, za Hombolo peke yake, za bondeni peke yake, na sampuli ipimwe shambani mbele ya mwenye shamba kabla lori halijaja. Tarehe ya kupogoa haitatangazwa tena na chama kwa wote, kila kanda itakaa na bwana shamba ipange yake. Wa bondeni ambao mfinyanzi unawasumbua, kamati inashauri waweke nguvu kwenye mavuno ya kiangazi na masika wapogoe kidogo tu, ila huo ni ushauri, shamba ni la mtu. Na kipima sukari ni kimoja, kipo kwangu, naomba ruhusa yenu tununue viwili vingine maana kikipelekwa Mvumi kinarudi baada ya mwezi.

Mnunuzi ameshaambiwa kwa barua kuhusu mizigo kutenganishwa. Hajajibu. Katibu atampigia Jumatatu.

Wa Hombolo naomba mbaki kidogo baada ya kikao, kuna chupa za sampuli za maji, kila mmoja achukue mbili, moja ajaze kwenye bwawa na nyingine kwenye mfereji wake pale mwisho kabisa ambapo maji yanaingia shambani.