Salamu za mwisho wa mwaka, na habari mlizozipata vipande vipande

Ndugu, jamaa na marafiki,

Heri ya Krismasi kwa mnaoisherehekea, na heri ya mwaka mpya kwa wote. Nanyi ambao mwaka wenu huanza kwa mwandamo wa Muharram, pokeeni salamu hizi kama salamu za watu waliopata wasaa wa kukaa chini na kuwakumbuka. Shule zimefungwa, shughuli zimepungua, na kisingizio cha kutoandika hakipo tena.

Mengi mtakayoyasoma hapa mmekwisha kuyasikia. Picha ya Bibi amefungwa jicho iliwekwa kwenye kundi la familia, mkamwombea. Picha ya binti yetu, kifungua mimba, mlangoni na begi lake mliiona asubuhi ileile aliyoondoka kwenda chuoni. Habari za msiba mlizipata usiku uleule. Lakini habari zinazokuja moja moja kwenye simu hazionyeshi lipi lilizaa lipi, na kwetu mwaka huu karibu kila jambo lilizaliwa na jingine. Ndiyo maana nimeshika kalamu mimi Mama, huku wengine wakinisahihisha kutoka nyuma ya kiti.

Nianze na macho ya Bibi, maana mwaka wetu kwa hakika ulianzia huko. Alikuwa akilalamika kwamba taa za siku hizi hazina nguvu. Tukabadilisha balbu, akalalamika tena. Daktari alipompima akakuta mtoto wa jicho, macho yote mawili, akashauri jicho moja lipasuliwe kwanza, la pili lingojee la kwanza lipone. Basi Bibi akahamia kwetu ili awe karibu na watu wa kumpeleka kliniki na kumtia dawa. Bibi anahitaji chumba. Chumba kikatoka kwa kijana wetu wa kati, aliyekitoa mchana kwa moyo mkunjufu na kuanza kunung'unika usiku, godoro lake likiwa limetandikwa sebuleni.

Sasa, sebule ndiyo hubaki na taa mpaka mwisho. Mazungumzo yote ya watu wazima hufanyika hapo watoto wakishalala, na safari hii mtoto mmoja alikuwa amelala hapohapo, au tuseme amefumba macho. Kampuni ilipopunguza wafanyakazi na Baba akawa miongoni mwao, kijana alijua kabla sisi wenyewe hatujamaliza kuambiana. Alipojua yeye ikabidi wajue wote, na dada yao tukampigia simu bwenini siku ileile. Wapo kati yenu walioniambia si vizuri kuwatwisha watoto mizigo ya wakubwa. Nawaheshimu, ila sikubaliani nanyi. Tangu usiku ule hesabu za nyumba tunazifanya mezani, wote tukiwepo, na yule kijana ambaye zamani angesema "nataka viatu" siku hizi huuliza "viatu viwekwe mwezi gani?" Hilo sikumfundisha mimi.

Baba naye, kwa kuwa alikuwa nyumbani asubuhi, ndiye aliyegeuka muuguzi. Matone ya dawa kwa saa zake, safari za kliniki, kumkumbusha Bibi asisugue jicho na asiiname kuokota vitu. Sijui kama mama na mwanawe walikuwa wamewahi kukaa pamoja muda mrefu namna ile tangu alipokuwa mdogo. Nilikuwa nikirudi nakuta wanabishana juu ya mambo yaliyotokea kabla sijaolewa. Kazi nyingine ameipata karibu na mwisho wa mwaka, ya mkataba mfupi, na malipo yake hayafikii yale ya zamani. Naandika hivi waziwazi kwa sababu wengi mmekuwa mkiuliza kwa kuzunguka. Hali haijarudi ilivyokuwa, tunaendelea kutafuta, na mwenye kusikia penye nafasi asione aibu kutuambia.

Kitinda mimba ana sehemu yake katika haya. Mwaka ulipoanza alikuwa ndiyo kwanza anaunganisha silabi. Bibi hakuweza kuona maandishi ya karatasi ya dawa wala ujumbe kwenye simu, na mtu pekee aliyekuwa tayari kusoma kila kitu, wakati wowote, bila kuchoka, alikuwa huyu. Kwa hiyo ujumbe mwingi mliomwandikia Bibi ulisomwa kwa sauti, silabi kwa silabi, na kidole kikifuata mstari. Kama majibu yalichelewa, sababu ni hiyo. Nanyi mnaomwandikia Bibi habari za ndoa za watu, punguzeni. Nimejibu maswali mengi ambayo sikuyatarajia kwa miaka mingine kadhaa.

Upasuaji ulikwenda vizuri, wa kwanza na wa pili. Lenzi iliyoingia ukungu hutolewa na kuwekwa ya bandia, kazi ambayo daktari Harold Ridley aliifanya kwa mara ya kwanza London mwaka 1949, na madaktari wenzake wengi wakampinga kwa miaka. Bibi sasa ana zake mbili. Lenzi ya jicho inavyozeeka hugeuka manjano, na rangi ya buluu hufifia polepole kiasi kwamba mwenyewe hajui anachokosa. Alipofunguliwa jicho alituuliza ni lini tulibadilisha pazia la sebuleni. Hatukulibadilisha. Siku zote lilikuwa la buluu. Baadaye akajitazama kwenye kioo, akakaa kimya kidogo, kisha akatulaumu wote kwamba hakuna aliyemwambia kuhusu hiyo mikunjo.

Hivi leo Bibi anasoma mwenyewe, hata maandishi madogo. Lakini jioni bado huiweka simu kando na kusema, "Hebu nisomee." Kitinda mimba husoma, sasa bila kidole. Juzi amenivuta pembeni akaninong'oneza kwamba Bibi anaona vizuri kabisa, ila nisimwambie kwamba yeye anajua.

Kisha katikati ya mwaka tukampoteza kaka yangu mkubwa, Mjomba wa watoto hawa. Aliugua kwa muda mfupi. Wengi wenu mlisafiri kuja, wengine mlituma mlichokuwa nacho, na wapo waliokaa nami bila kusema lolote. Wote nawashukuru, na hao wa mwisho nawashukuru zaidi, kwani maneno yalikuwa yamenichosha.

Mliomfahamu mnakumbuka ugomvi wake na salamu za kutumwa kwa wote. Alipenda kusimulia habari za Henry Cole, bwana mmoja wa London ambaye mwaka 1843 alikuwa na barua nyingi za kujibu na muda mchache, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi ya Krismasi, zikachapwa kama elfu moja. Kaka alisema uvivu wote wa salamu ulianzia hapo. Nami nilimjibu kila mwaka kwamba katikati ya kadi ile kuna familia ya vizazi vitatu imekaa mezani pamoja, kwa hiyo huyo bwana alijua alichokuwa anakitafuta. Angekumbusha pia kwamba ujumbe wa kwanza wa maandishi kupokewa kwenye simu ya mkononi, tarehe 3 Desemba 1992, ulikuwa wa kutakiana heri ya Krismasi, na simu iliyoupokea haikuwa na namna ya kuandika jibu. Hilo lilimfurahisha sana. "Unaona?" angesema. "Salamu isiyongoja jibu."

Yeye alipiga simu. Asubuhi ya sikukuu, kabla ya nyumba kuamka, akitaka kuongea na kila mtu kwa zamu, mpaka mtoto asiyejua kusema vizuri. Swali lake lilikuwa moja: mwaka huu kwako jambo gani lilikuwa kubwa kuliko yote? Ukimjibu "salama tu," alingoja kimya mpaka useme la kweli. Mwaka huu simu hiyo haitapigwa. Kwa hiyo nimepita mwenyewe chumba kwa chumba na swali lake, nikimkawiza kila mtu kama alivyofanya yeye, na hivi ndivyo walivyosema.

Kitinda mimba: kujua baiskeli. Si kusoma, mnisikilize vizuri. Kusoma kwake ni jambo lililotokea tu, baiskeli ndiyo habari. Kijana wa kati alisema kusikia yale mazungumzo ya usiku, kisha akasema niandike mpira badala yake. Nimeandika yote mawili. Kifungua mimba, aliyerudi kwa likizo, alisema ni usiku wa kwanza bwenini, alipogundua hakuna mtu wa kumwuliza ametoka wapi, na kwamba hakupenda kama alivyodhani angependa. Bibi alisema pazia. Baba alisema hana, akaenda kufunga mlango wa nje, akarudi, akasema ni zile asubuhi na mama yake. Kwangu mimi ni huyu aliyekuwa akiuliza swali.

Mengine niyapitie haraka. Mpwa wetu ameoa, shangazi yao amepata mjukuu wa kike, jokofu limetengenezwa mara nyingi kuliko linavyostahili, na paka ambaye si wetu ameamua kwamba ni wetu.

Nikiyatazama majibu hayo naona hakuna hata moja lililokwisha. Kazi ya Baba bado. Masomo ya binti ndiyo yanaanza. Msiba hauna tarehe ya kwisha. Tunazungumza kama vile Desemba 31 inafunga kitu, ilhali mstari huo waliuchora watu tu, na wamewahi kuuhamisha. Uingereza iliwahi kuanza mwaka tarehe 25 Machi; walipoamua kuhamia Januari 1, mwaka wao wa 1751 ukakatwa, ukaanza Machi na kuishia Desemba. Sidhani kama kuna mgonjwa aliyepona mapema kwa sababu hiyo. Hata hivyo naupenda mstari huu. Unatufanya tuhesabiane, na bila huo ningeendelea kuwatumia vipande.

Kuhusu mwaka ujao: jicho la Bibi litaangaliwa tena, binti atarudi chuoni, na suala la chumba liko mezani. Bibi ametamka kwamba haondoki, kijana anakitaka cha dada yake, dada yake anasema bado yu hai. Nitawaarifu.

Nina ombi moja. Kaka hana picha nyingi kwa sababu kamera siku zote ilikuwa mikononi mwake. Mwenye picha yoyote ambayo yeye mwenyewe yumo, hata kama amekatwa nusu pembeni, aitume, na aandike ni mwaka gani na waliosimama naye ni kina nani. Hao wengine watoto hawawajui, nasi tuliobaki tunaanza kubishana. Namba zetu za simu ni zilezile.

Tunawatakia mapumziko mema, safari salama kwa mnaosafiri, na kupona haraka kwa mnaougua. Waliofiwa kama sisi, tuko pamoja.

Ni sisi,
Mama, Baba, Bibi, kifungua mimba, kijana wa sebuleni, kitinda mimba, na paka, ambaye jina lake limeingizwa hapa kwa shinikizo.