Mbwa apendaye watu asifungiwe peke yake kutwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwatetee mbwa wanaoadhibiwa kwa kosa lisilo lao. Jamii kama Labrador, Vizsla na Cavalier King Charles Spaniel zilizalishwa kwa vizazi vingi ili zifanye kazi bega kwa bega na binadamu au zikae naye nyumbani, kwa hiyo kumfungia mbwa wa aina hiyo peke yake kutwa nzima ni kumnyima hitaji lake kubwa.

Mbwa mwenye hofu ya kutengana, yaani woga mkubwa wa kuachwa na mtu wake, hubweka na kulia mfululizo, hutokwa mate, hukwaruza mlango na hata kujisaidia ndani ingawa alikwisha kufundishwa. Mara nyingi dalili hizo huanza ndani ya dakika 30 za kwanza baada ya mwenyewe kuondoka. Wamiliki wengi hudhani ni ukaidi, na wakirudi humchapa. Kipigo hicho, nasema kwa uchungu, humzidishia hofu, kwani hawezi kukihusisha na jambo alilolifanya saa kadhaa zilizopita.

Kinachosaidia ni kumzoesha upweke kidogo kidogo, kuanzia sekunde chache, na kuongeza muda pale tu anapobaki ametulia. Kumletea mbwa wa pili mara nyingi hakutoshi, maana anayemlilia ni mtu wake. Hali ikiwa kali, daktari wa mifugo anaweza kumwandikia dawa sambamba na mafunzo hayo.

Nawaomba wanaouza watoto wa mbwa wa jamii hizi wamuulize mnunuzi, kabla ya kupokea fedha, ni nani atakayeshinda na mnyama huyo.

Msomaji wako