Kuona tango sio mpaka uuze kiwanja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua nami nitoe dukuduku langu. Ni kuhusu ile makala yenu ya utalii ya Jumapili, ya Buenos Aires, mliyosema mtu akifika Argentina bila dola mia ya kuangalia shoo ya tango, ile dansi yao ya kukumbatiana wawili wawili, basi bora abaki chumbani alale. Nimeisoma mara mbili. Picha nzuri, sahani ya nyama, mvinyo, mdada kanyanyua mguu mpaka begani kwa mwenzie, alafu chini kabisa bei ya wakala. Mi nimekaa huo mji siku 6 na hela ya mawazo, nimelala hosteli chumba cha vitanda nane, na tango nimeona kila siku, kuna siku mara mbili. Hela ya kukaribia hiyo mnayoisema nilitoa usiku mmoja tu, dola themanini na tano, na ndo usiku pekee ninaoujutia.

Kabla sijafika mbali niwape ya mama. Nilipompigia kumwambia navuka kwenda Argentina kuona tango akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, tango? Hapa Mgandini yamejaa mpaka yanaoza, we unapanda basi usiku na mchana kwenda kuangalia tango?" Nikacheka mpaka salio likaisha. Mpaka leo wajomba wakinikuta mtaani wananiuliza nilirudi na kachumbari ngapi.

Nilikuwa Porto Alegre, kusini mwa Brazili, kwa kozi ya kazini, kozi ikaisha wiki moja na ushee kabla ya tarehe ya ndege, viza nilishaiweka sawa mapema, nikasema sasa nikae hosteli nihesabu dari au nitembee? Basi la jioni, mpaka Uruguaiana pale mpakani, mnashushwa mnagongewa pasi, mnavuka mto, na kesho yake mchana uko stendi ya Retiro, Buenos Aires, mgongo umekakamaa kama ubao.

Sasa hiyo shoo. Kijana mmoja wa tiketi alinishika mtaa wa watembea kwa miguu, akaniambia chakula, mvinyo, usafiri wa kufuatwa na kurudishwa, vyote humo humo. Gari likanichukua saa mbili usiku likazunguka saa nzima linaokota watu mahotelini, ukumbini tukapangwa meza ndefu na kundi la wazee wa meli ya kitalii, na mimi kwa kuwa niko peke yangu nikawekwa kiti cha pembeni nyuma ya nguzo. Nguzo kweli, ya zege, siyo mfano. Nyama imekuja saa nne kasoro, mhudumu ana haraka kama anafukuzwa, maji ya kunywa kumbe hayamo kwenye bei. Saa nne taa zikazimwa. Wachezaji sikatai, wanajua, miguu inapita kati ya miguu kama sindano ya cherehani, lakini kila wimbo ni kurusha mguu, kumgeuza dada kichwa chini, kupigiwa makofi, njoo wengine. Wenyewe Waargentina shoo za namna hiyo wanaziita tango ya kuuza nje, na wanasema hivo bila hasira, kama sisi tunavyojua kahawa gani ya kopo la mgeni na ipi ya kibarazani.

Na kitu ambacho kijana wa tiketi hakuniambia, nikaja kuambiwa na binti wa mapokezi hosteli kesho yake, ni kwamba kumbi nyingi kati ya hizo zinauza pia tiketi ya shoo tu bila chakula, bei inashuka sana. Unakula empanada zako mbili, sambusa zao, mtaani jioni, unaenda mwenyewe kwa basi la mji, unakaa unaangalia wachezaji wale wale. Mwandishi wenu angeandika hilo moja tu ningemsamehe mengine. Ipo pia Café Tortoni pale Avenida de Mayo, mgahawa wa tangu 1858, una kaukumbi chini ambako shoo ni ndogo na hulazimishwi mlo mkubwa, ila foleni ya watalii mlangoni nayo ni shoo nyingine.

Mi niliponea Jumapili. Jumapili mtaa wa Defensa unafungwa magari, soko la vitu vya kale linatandazwa kuanzia karibu na Plaza de Mayo mpaka kitongoji cha San Telmo, na wachezaji wa tango wanaweka kipande chao cha ubao chini na spika kidogo, mzee wa kofia na mama wa miaka sitini hivi, wanacheza. Hakuna mguu begani. Wanatembea tu, polepole, wamekumbatiana macho yamefumba, na wewe umesimama hatua mbili kutoka kwao unasikia viatu vinavyosugua. Kofia ikipita weka noti, jamani. Nimeona watu wanarekodi dakika ishirini na simu ya bei mbaya alafu kofia ikikaribia wanajifanya wamepigiwa. Kwetu kwenye taarabu mtu anainuka anacheza taratibu mpaka mbele kwenda kumtunza mwimbaji, tena ananyoosha noti juu watu waone, sasa kubana bajeti ndo kufanye tusahau kutunza?

Nikiwa hapo nikasikia ngoma. Mi mtoto wa Tanga, ngoma ikilia sina adabu, nikaziacha tango nikafuata. Kundi la vijana na wazee wameshuka na mtaa, ngoma zimening'inia begani, mkono mmoja kijiti mwingine kiganja, inaitwa candombe. Weusi wachache sana humo. Nikamuuliza jamaa mmoja aliyekuwa anajua Kiingereza kidogo hizi zimetoka wapi, akaniangalia kama nimemchezea, akasema "kwenu".

Na ni kweli, nimekuja kusoma baadae. Sensa ya 1778 ilikuta karibu theluthi ya watu wa Buenos Aires ni weusi na machotara, waliofika kama watumwa, wengi kutoka Angola na Kongo na wengine Msumbiji, yaani pwani hii hii yetu ukishuka kusini. Walikuwa wakikaa hapo hapo San Telmo na Monserrat, wakawa na ngoma zao, na karne ya 19 inapoisha, ngoma hizo, wahamiaji wa Italia na Hispania, na wachunga ng'ombe waliokimbilia mjini, vikachanganywa huko bandarini, Montevideo ya Uruguay ng'ambo ya mto nako hivo hivo, ikatoka tango. Rosendo Mendizábal, mpiga piano mweusi, ana tango ya 1897 ambayo bendi zinaipiga mpaka leo. Ule mguu begani haukuwepo. Unesco walipoiweka tango kwenye orodha ya urithi mwaka 2009 waliwapa Argentina na Uruguay kwa pamoja, na makala yenu Mhariri haina hata mstari mmoja wa watu weusi, gazeti la Kiswahili, mnanisikitisha.

Tena kuna neno. Usiku wa kucheza tango, watu wa kawaida wanaenda kucheza wenyewe, unaitwa milonga. Wapo wataalamu wanaolifuata hilo neno mpaka Kimbundu cha Angola, mulonga ni neno, milonga ni maneno. Ngeli ya M-MI kabisa, ile tuliyochapiwa darasani! Na Morogoro Mluguru akiongea si analonga? Nilivyoelewa hivo nikarudi kwenye kile kitanda changu cha juu hosteli nikacheka peke yangu, Mkorea wa chini akadhani nina homa.

Kwa hiyo bajeti yako ukiwa Buenos Aires iweke kwenye milonga. Mlangoni mi nililipa kama dola tano hivi, mara nyingine pungufu (bei za peso sitaji maana ile hela yao mpaka gazeti litoke mtamboni imeshabadilika). Kuna ya bure kabisa, La Glorieta, kwenye bustani ya Barrancas de Belgrano, unapanda treni Retiro unashuka Belgrano C, bustani hiyo mbele yako, kuna kibanda cha duara cha bendi wanachezea humo jioni, ofisini wametoka na mabegi yao wameyalundika pembeni. Nilikaa kwenye nyasi na mkate wangu na nikaona tango bora kuliko ya dola themanini na tano. Kuna babu mmoja pale anacheza kama anambeba mtoto aliyelala.

Usiku nikaenda La Catedral, mtaa wa Almagro, ghala la zamani, dari iko juu huko, kuna moyo mkubwa mwekundu umening'inizwa, viti havifanani hata viwili na taa hafifu. Wanaanza na darasa la wanaoanza alafu inakuwa milonga mpaka alfajiri. Nikalipia darasa. Raba zangu zinang'ang'ania sakafu, magoti yanauliza tunaenda wapi, ila mwalimu alisema kitu kimoja kwa mikono maana lugha hatuelewani, tembea tu, tembea kama unaenda sokoni na unaogopa mtu asikumwagie kikapu.

Sasa sikieni aibu yangu. Kwenye milonga huendi kumvuta mtu mkono. Unamtazama kwa mbali, yeye akitaka anakutazama anatikisa kichwa kidogo, hapo ndo unainuka, wanaita cabeceo. Ustaarabu mkubwa kweli maana ukikataliwa hakuna aliyejua zaidi ya nyie wawili. Mama mmoja wa makamo wa gauni la kijani akanitazama, nadhani kwa huruma, nikainuka. Tukacheza wimbo wa kwanza, sikumkanyaga hata mara moja, nimefurahi mimi, wimbo ulipoisha nikamwambia kwa adabu zote nilizofunzwa na mama yangu, "gracias". Akanishangaa, akatabasamu, akarudi kukaa. Nikabaki katikati ya sakafu kama mlingoti. Kumbe nyimbo zinapigwa kwa mafungu, tatu au nne, fungu linaitwa tanda, na ukikubaliana na mtu mnacheza fungu lote, ukisema asante katikati maana yake basi, umenichosha. Nimemfukuza mama wa watu kwa adabu! Mkaka wa baa alipoona sielewi akanielezea, nikataka kwenda kumwomba radhi mama wa watu ila tayari alishatazamana na mwingine.

Milonga nyingi muziki ni wa didjei, rekodi za miaka ya 1930 mpaka ya 50, za bendi za kina D'Arienzo, Di Sarli, Pugliese. Ukitaka bendi laivu uliza panapopigwa orkesta, na usikose walau mara moja kukaa karibu na bandoneón, ndugu yake kodiani ila huyu ni wa vifungo 71, katokea Ujerumani, na kifungo hicho hicho ukivuta sauti moja ukibana sauti nyingine. Wazee wa taarabu za Unguja waliokuwa wakisindikizwa na kodiani wangelielewa lile dude dakika moja. Orkesta ya Fernández Fierro wana klabu yao huko huko Almagro, wanapiga kwa nguvu kama wanagombana, tiketi ya kawaida tu. Na Usina del Arte pale La Boca, iliyokuwa mtambo wa umeme, matamasha yake mengi ni bure. Mwezi wa nane ndo kuna tamasha la jiji na mashindano ya dunia ya tango, na huko nako shughuli nyingi huingii kwa hela.

La Boca yenyewe, Caminito, nendeni mchana, mabati ya rangi rangi, migahawa ina wachezaji mlangoni, wale dada wa kukushika shingo upigwe picha nao sio bure hata wakikuita mpenzi. Na simu mfukoni ukitoka nje ya mitaa ya watalii. Usafiri nunua kadi ya SUBE mapema, treni za chini zinafunga mapema kidogo lakini mabasi ya mji yanakimbia usiku kucha, mi narudi hosteli saa tisa usiku na basi limejaa watu wameshika viatu vya kuchezea kwenye mifuko ya kitambaa.

Ombi langu Mhariri ni dogo. Mkirudia hiyo makala mwambieni mwandishi asipande lile gari la hoteli, apande basi. Nimeona pia mmeomba wasomaji walete picha za safari. Za shoo ya dola themanini na tano ninazo, zaidi ya mia, nguzo imetoka vizuri sana. Za milonga sina hata moja, watu wamefumba macho wamekumbatiana, nikaona haya kutoa simu.

Wako,
Msomaji wenu wa siku nyingi,
Ngamiani, Tanga