Barua ya Wazi kwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii: Mkaguzi Akija Kituoni, Azungumze na Watoto

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mlezi katika kituo cha kulelea watoto mchana hapa Tanga. Watoto wangu wana miaka mitatu hadi mitano.

Choo chetu ni cha tofali, kina mlango, kinasafishwa kila asubuhi, na mkaguzi alipokuja hakukiona kasoro. Lakini kila wiki kulikuwa na watoto wanaojikojolea. Nilidhani ni utoto tu. Mmoja nilimsema mbele ya mama yake, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Siku moja niliwaomba wanitembeze kituoni kama mgeni, wanionyeshe wanapopapenda na wasipopapenda. Wakanipeleka chini ya mwembe, kwenye ndoo za maji, jikoni kwa mpishi. Tulipokaribia chooni, wakasimama mbali. Yule niliyemsema akaninong'oneza: "Shimo litanimeza."

Nikaingia, nikachuchumaa hadi kimo chake, nikafunga mlango. Giza. Na tundu ambalo mimi nalivuka bila kufikiri, kwa miguu yake ni pana mno. Fundi akatutengenezea kifuniko cha mbao chenye tundu dogo, akakata juu ya mlango ili mwanga uingie. Sasa wanakwenda wenyewe.

Mheshimiwa, kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika uamuzi unaogusa ustawi wake. Nacho hakikutaja umri. Mabaraza ya watoto tunayo, ila wa miaka mitatu hawezi kuketi barazani. Yeye husema kwa kukimbilia mtu fulani na kumkwepa mwingine, kwa kuchora mchangani, kwa kulia kila Jumatatu akifika getini. Programu ya Taifa ya malezi na makuzi, iliyozinduliwa Desemba 2021, inatuhimiza malezi yenye mwitikio, yaani mlezi asome ishara za mtoto na kuziitikia. Tutaitikia nini, kama wito wenyewe hatukuusikia?

Wapo watakaosema tunawadekeza. Sisemi mtoto aamue kila kitu. Dawa atakunywa hata akikataa. Lakini aulizwe kinachomtisha.

Ninaomba fomu ya ukaguzi iongezwe ukurasa mmoja. Mkaguzi atembezwe na watoto wenyewe kwa nusu saa, bila mlezi kuwatangulia, aandike maneno yao kama walivyoyasema, hata yakiwa ya Kisambaa au Kidigo. Kwa wasiosema bado, aandike alichokiona. Akirudi safari nyingine, atuulize tumebadilisha nini. Ukurasa huo hauhitaji bajeti kubwa, unahitaji mkaguzi aliye tayari kuchuchumaa.

Ukipita Tanga, karibu kituoni kwetu. Watoto watakutembeza, mimi nitabaki getini.

Wako mtiifu,
Mlezi wa watoto, Tanga